Maneno Kifuani mwa Mturuki

Mwaka niliohamia Bladensburg niliamini, tena kwa moyo wote kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza, kwamba katika jiji la Washington kulikuwa na Mturuki wa marumaru mwenye maneno yaliyochongwa kifuani, na kwamba mtu yeyote anayeishi Marekani bila makaratasi, akisimama mbele yake na udhu wake, akasomewa maneno yale bila kukosea, makaratasi yake yatatoka kabla ya mwezi kuandama. Usinicheke peke yangu. Aliyenihakikishia ni Njoro, Mkenya niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja, na Njoro ni Mkristo aliyebatizwa mara mbili, mara ya pili kwa maji ya kutosha kumzamisha kiboko. Nilipomuuliza Mturuki anamhusu nini yeye, alinijibu, "Buda, dini ni dini, lakini makaratasi ni makaratasi." Na kinachochekesha zaidi ni kwamba habari ya Mturuki huyo ilianzia kwangu mwenyewe. Ilitoka chumbani kwetu ikiwa na ukubwa wa punje ya mtama, ikazunguka miji ya jirani ya Herndon na Columbia, ikanirudia ikiwa na ukubwa wa tembo, nami nikaipokea mlangoni kama mgeni nisiyemjua.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Maalim Twaha amefariki. Wiki iliyopita nilikwenda Columbia kwenye hitima yake, nyumbani kwa binti yake Zuhura, nikakaa kwenye zulia la sebuleni mahali pale pale ambapo zamani nilikuwa nakaa nyuma ya watoto wake wa chuo cha Kurani nikijifanya nasikiliza, kumbe nasubiri mahamri. Sebule haijabadilika sana. Mapazia ni mapya, televisheni imekuwa kubwa kama mlango wa msikiti, lakini dirisha ni lile lile linalotazama maegesho ya magari, na harufu ni ile ile ya iliki na udi. Jikoni wanawake walikuwa wanabishana kwa sauti ambayo walidhani ni ya chini. "Pilau hii nani kaipika? Bizari imekasirika!" "Si Mama Shufaa? Yule hata chai yake huipiga bizari." "Nyamazeni, mwawasikizisha wanaume." Wanaume tulikuwa tumeshasikia, na baadhi yetu tulikuwa tumeshaonja. Nikatabasamu, kisha nikatazama ukutani ulipokuwa ukining'inia ubao mweupe wa Maalim, nikaona pale pametundikwa saa. Tabasamu likaishia hapo.

Mwaka ule nilikuwa na ujana, njaa, na ratiba ambayo ingemtoa punda machozi. Mchana kazi, jioni masomo. Shule ya jioni ndiyo iliyonifanya mtu, siachi kuisema. Nimehitimu pale hesabu za biashara, na cheti changu nimekitia fremu kubwa kuliko picha ya harusi yangu, jambo ambalo mke wangu hajalisamehe. Bladensburg tulikaa ghorofa ya juu, mimi na Njoro, kwenye chumba ambacho king'ora chake cha moshi kilikuwa na chuki binafsi na samaki. Ukitia tu samaki kwenye mafuta, kinalia mpaka watu wa jengo zima wanatoka nje na blanketi. Basi tukawa tunakula ugali na mboga, na Jumapili napanda basi kwenda Columbia, ambako Zuhura alikuwa na desturi ya kutomuuliza mtu kama ana njaa. Anakutazama usoni, kisha anakuwekea sahani. Huko ndiko nilikomjua baba yake. Maalim Twaha alitoka Mombasa, mrefu, mwembamba, kofia yake ya vito, ya kushonwa kwa mkono, imesimama kichwani kama imetengenezwa leo, na watoto wa Waswahili wa Columbia nzima aliwafundisha kusoma Kurani kwenye sebule ile. Yeye anawasemesha Kiswahili, wao wanamjibu Kiingereza, na herufi za Kiarabu zinawapatanisha. Mtoto akikosea herufi, Maalim hakupiga wala hakukemea. Aliinua kidole na kusema, "Rudi nyuma, mwanangu. Umemwacha mwenzako njiani." Mtoto anarudi, anaichukua ile herufi aliyoiacha kama anamshika ndugu yake mkono, na somo linaendelea.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kwenye kampuni ndogo ya kukarabati nyumba za kale. Mkuu wetu katika mambo ya mawe alikuwa Papa Faustin, mtu wa Bukavu, Kongo, fundi ambaye mikono yake ilikuwa imekauka mpaka ungeweza kuwashia kiberiti. Mwaka ule tulipata kazi kwenye nyumba moja ya zamani jijini, juu ya kilima, ya bibi mmoja mjane tuliyemwita Bi Margaret. Nyumba ilikuwa na vyumba vingi kiasi kwamba nina hakika vingine hajawahi kuviona. Sisi tulipelekwa kwenye chumba kimoja tu, ambacho yeye mwenyewe alikiita chumba cha Kituruki. Bwana wee! Ingia nikuonyeshe. Dari imepambwa nyota na hilali za dhahabu. Juu ya meza kuna saa ya shaba iliyopakwa dhahabu, na juu ya saa ameketi sultani mnene anavuta buruma, kile kiko cha maji, miguuni mwake mwanamke amelala kama aliyemaliza kupika kwa watu mia. Kabatini kuna Waturuki wadogo wa kaure, huyu kashika bakuli la sukari, yule kikombe cha kahawa, wote wana mashavu mekundu kama watoto waliotoka kucheza kwenye theluji. Na ukutani, wakiibeba rafu ya marumaru juu ya mahali pa kuwashia moto, wamesimama Waturuki wawili wakubwa kama watu, wamechongwa kwa marumaru, vilemba vichwani, masharubu yamejipinda, viatu vimechongoka na kujikunja mbele. Mmoja anatazama kulia, mwingine kushoto, kama ndugu waliogombania shamba.

Bi Margaret alipenda kueleza. Alitusimamia hapo na kikombe chake cha chai akatuambia kwamba babu wa babu yake alivinunua vitu vile Ulaya, enzi ambazo matajiri wa huko walipagawa na dola ya Waothmani, ile dola ya Waturuki. Mwanzoni waliwaogopa Waturuki, alisema, majeshi yao yalipokuwa yanabisha hodi milangoni mwao. Hofu ilipokwisha, wakaanza kuwapenda. Wakanywa kahawa yao, wakajifunga vilemba kwenye karamu, wakawachonga chini ya rafu, juu ya saa, kwenye vinara vya mishumaa. Ukutani palikuwa na picha ya huyo babu wa babu yake mwenyewe, Mzungu mwenye pua nyembamba, kavaa kilemba chenye unyoya na upanga wa bandia. Papa Faustin aliitazama, akaguna. "Bazungu bakipenda kitu, banakivaa. Bakichoka kukivaa, banakitia kwa mawe. Njo vile, petit. Shika broshi." Petit, yaani kijana, ndivyo alivyoniita.

Nikashika broshi. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umewafanya Waturuki wale weusi tititi kuanzia kiunoni kwenda juu, na kazi yangu ilikuwa kuwafuta polepole kwa pamba na dawa, kidogo kidogo, maana Papa Faustin alikuwa ananikumbusha kila mara kwamba naosha jiwe, siyo sufuria. Wa kushoto alipoanza kutakata, nikaona kifuani mwake, kwenye mkanda mpana uliokatiza toka bega hadi nyonga, pana michoro. Nikafuta tena. Ikatokea mistari iliyosimama, mingine imejikunja, nukta juu, nukta chini. Mimi Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu wenye irabu zote, tena nasoma kwa kidole kama mtu anayetafuta sindano. Hati ya kuchongwa siiwezi. Lakini hata kipofu angejua kwamba yale ni maandishi yetu. Ugenini kule, kwenye chumba cha tajiri, chini ya masizi, nimekutana na herufi nilizofundishwa utotoni! Nilijisikia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katikati ya soko asilolijua.

Usiku ule nilimsimulia Njoro, na kama unanijua, unajua habari haitoki kinywani mwangu bila kuongezewa chumvi. Nilisema maneno yale yalikuwa yanang'aa. Nilisema broshi ilikuwa inatetemeka yenyewe. Pengine nilisema pia kwamba mwenye kuyasoma atafunguliwa milango, maana nilikuwa nafikiria milango ya heri kwa jumla, kama anavyosema mtu yeyote. Njoro alikuwa dereva wa gari la kupeleka vifurushi. Anafika kila mahali, anaongea na kila mtu. Haikupita muda nikasikia kwenye duka la nyama la Herndon mwanamke wa Kitanzania anamwambia mwenzake, "Shoga, kuna Mturuki, akisomwa vizuri uhamiaji wenyewe wanakupigia simu." Mwenzake akauliza, "Na mtu wa visa ya masomo?" "Hata wa utalii!" Mimi nilikuwa na visa ya masomo inayokaribia ukingoni. Nikasogea karibu na friji la mbuzi nikatega sikio, na wallahi, nikaamini.

Watu wakaanza kuja. Leo najiuliza Bi Margaret alidhani ni nini. Nadhani alifurahi kupata wageni. Mwanamke amekaa peke yake kwenye nyumba ile, ghafla mlangoni wanatokea Waswahili wamevaa kanzu zao za Ijumaa, wanataka kuona sanamu. Akawatolea chai na biskuti, akawasimulia babu wa babu yake, nao wakaitikia kwa adabu huku macho yako kifuani mwa Mturuki. Kila mmoja alijaribu kusoma, na kila mmoja akatoka akisema hati ni ya juu mno, inataka mwanachuoni. Papa Faustin alichoka nao. "Hawa batu, banakuja kuabudu cheminée?" aliuliza, akimaanisha mahali pa kuwashia moto. Ndipo mtu mmoja akasema lile ambalo sote tulikuwa tunalifikiria: mwite Maalim Twaha.

Maalim alikataa. Kwanza, alisema, haingii kwenye chumba cha masanamu kwa hiari yake. Pili, kuhusu makaratasi ya uhamiaji, alicheka mpaka akavua miwani. "Athumani, mwanangu, wewe wasoma shule ya jioni au wasomeshwa ujinga mchana? Makaratasi hutolewa na serikali." Watoto wakacheka, mimi nikacheka nao kwa aibu. Lakini nilipomweleza maandishi yalivyokaa, kwenye mkanda wa sanamu, juu ya mahali pa moto, katikati ya masizi, aliacha kucheka. Kwetu pwani hata kipande cha gazeti chenye herufi za Kiarabu mtu hakiachi chini. Anakiokota, anakibusu, anakiweka mahali pa juu, huenda mna jina la Mwenyezi Mungu. Maalim alikuwa ameokota karatasi maisha yake yote. "Kama ni jina la Mola," alisema taratibu, "halifai kukaa kifuani mwa sanamu, likila moshi. Yapasa yule mama aambiwe kwa adabu. Lakini kwanza lazima nilisome." Basi akaja kwa sababu hiyo, siyo kwa sababu yetu.

Njoro ndiye aliyetuendesha. Zuhura alimfunga babake skafu shingoni kama mtoto, akaniambia, "Umrudishe salama." Nikajibu, "Zuhura, nitamrudisha akiwa mwanachuoni maarufu Marekani nzima!" Kule kwa Bi Margaret, Maalim aliomba maji, akatawadha upya, akaingia chumbani huku ameinamisha macho asiwatazame sultani na mwanamke wake. Bi Margaret alimpa kiti. Akakataa, akapiga magoti juu ya zulia mbele ya Mturuki. Akavaa miwani yake ya kusomea. Mimi, Njoro na Papa Faustin tukasimama nyuma, hata Papa Faustin alikuwa ameweka chini patasi. Maalim akanyoosha kidole bila kuligusa jiwe. "Alifu," akasema. Nikatabasamu kwa fahari. "Lamu. Kisha…" Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. "Alifu, lamu… la, si lamu. Hii ni kafu. Ngoja." Akasogeza uso karibu zaidi. Akaanza upya kutoka juu, akaanza tena kutoka mwisho, kama mtu anayejaribu kila dirisha baada ya kukuta mlango umefungwa. Nikasikia anataja herufi, kisha anaikana, anataja nyingine, anaikana. Chai ya Bi Margaret ikapoa mkononi mwake. Njoro, ambaye kimya kikizidi lazima akivunje, akauliza, "Maalim, iko fiti?" Maalim akavua miwani. Alipoinuka alishika ile rafu. "Mato yangu leo mazito," alisema, akimaanisha macho, kwa Kimombasa chake. Akamshukuru mwenye nyumba kwa adabu zote, akatoka.

Tulikuwa garini, tumekaribia kwao. Nikamwambia, "Maalim, huenda ni Kituruki." Akatikisa kichwa. "Kituruki cha zamani kiliandikwa kwa herufi zizi hizi, kama Kiswahili chetu cha kale. Lugha nisiielewe, sawa. Lakini herufi lazima niijue. Nimesoma makaburi ya Mombasa yaliyoliwa na chumvi, nimesoma milango, nimesoma hati zilizochongwa na watu waliokufa kabla ya nyanya yangu kuzaliwa. Zile mbele yangu zilikuwa herufi, Athumani. Naziona, nazijua sura. Nikizishika, zatoroka." Kisha akasema jambo ambalo sijapata kulisahau. "Babangu alianza kusahau hivi hivi. Naye alikuwa maalim. Alianza kwa maandishi ya makaburini. Halafu herufi za msahafu. Halafu majina yetu."

Nilidhani ni huzuni ya siku moja. Jumapili iliyofuata nikamletea gazeti la Kiarabu nililolipata kwenye duka la Wayemeni, nikamwambia asome. Akalisoma lote, haraka, mpaka matangazo ya magari. Nikapiga makofi. "Umeona? Uko mzima kuliko mimi!" Akalikunja. "Chapa ya mashine hata mtoto huisoma." Nikafungua msahafu popote, nikamwekea mbele. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake iliyokuwa inafanya hata friji la Zuhura linyamaze, kisha katikati ya aya akaacha. "Hiki nimekihifadhi toka utotoni," alisema. "Nambia wewe. Sasa hivi, nilikuwa nasoma au nakumbuka?" Nikafunua ukurasa mwingine, kisha mwingine. Hakuna ukurasa wa kitabu kile ambao ungeweza kumpima, kwa sababu wote alikuwa nao kichwani. Kipimo pekee duniani kilikuwa kifua cha yule Mturuki, na kipimo kile alikuwa ameshindwa.

Akaendelea kufundisha majuma machache, lakini ilikuwa si yeye. Mtoto akisoma vizuri, Maalim anamsimamisha, anainama kuitazama herufi, anamwambia aendelee, anamsimamisha tena. Watoto wakaanza kutazamana. Kisha siku moja aliwaambia wazazi kwamba amechoka, anaomba kupumzika. Wakamsihi. Baba mmoja wa Kitanzania, mfanyakazi wa ubalozini, alimpigia magoti kwenye zulia lile. Maalim akamwinua. "Mwanao nikimfundisha herufi moja ya makosa," alisema, "ataisoma makosa maisha yake yote, na kila akiisoma, dhambi yaja shingoni kwangu. Mimi herufi sina dhamana nazo tena." Ubao ukashushwa. Zuhura aliniita jikoni, akafunga mlango, akanisemesha kwa sauti ya chini iliyouma kuliko kelele. "Athumani, ulimpeleka wapi babangu?" Nikaanza kueleza, Mturuki, mkanda, moshi. Akaniinulia mwiko. "Nilikupa baba akicheka. Umenirudishia mzee." Kisha, kwa kuwa ni Zuhura, akaniwekea sahani ya chakula. Sikuweza kukimeza, na mimi hakuna aliyewahi kuniona nikishindwa chakula.

Nilihangaika kwa njia zangu. Nilikuwa nimewapiga picha wale Waturuki kabla kazi haijaisha na nyumba kuuzwa. Nikaipeleka picha Herndon, kwa Mturuki halisi mwenye mkahawa wa kebabu, mtu mkarimu, nikamwomba amsaidie mzee wangu. Aliitazama, akaigeuza, akanirudishia. Akaniambia hata barua za babu yake mwenyewe hawezi kuzisoma; kwao herufi zilibadilishwa zamani, siku hizi wanaandika kama Wazungu. "Haya ni ya watu wa kale," alisema, na akanipa baklava bure. Nikatoka pale nimeshiba sukari na nimezidi kuamini kwamba maandishi yapo, yana maana, ila yanahitaji mtu mwenye elimu kuliko sote. Na elimu ilikuwa karibu, ndilo linaloniuma. Shule ya jioni palikuwa na darasa la historia ya sanaa, mlango wa pili kutoka kwetu. Kila juma nilipita mbele yake kwenda kununua chipsi kwenye mashine, naona picha za masanamu zimerushwa ukutani, mwalimu anaonyesha kwa fimbo, nami nasema moyoni, hawa wenzetu wana muda wa kuchezea. Nikanunua chipsi zangu nikarudi kwenye faida na hasara.

Maalim aliishi miaka mingi baada ya hapo. Watu husema hilo kwa kufariji, mimi linanikata. Kila nilipokwenda Columbia nilimkuta kwenye kiti cha dirishani, msafi, mcheshi hata, anaulizia visa yangu, ambayo hatimaye serikali ndiyo iliyoitatua, kama alivyosema. Nikimtania ananitania. Lakini mtoto akiingia na msahafu kifuani kumuuliza jambo, anamwambia kwa upole, "Muulize mamako." Watoto wale wametawanyika; wengine wamepata walimu kwenye kompyuta, wengine hawakupata. Na mzee wa watu alikaa pale anajingojea, kila asubuhi anajikagua kama majina ya wanawe bado yapo.

Siku ya hitima, baada ya dua, nilibaki na Zuhura tukikusanya misahafu. Nikamuuliza lile nililokuwa naogopa kuuliza: mwisho ulikuwaje, alisahau? Zuhura akanitazama kama nimemtukana. "Asahau nani? Babangu? Hospitalini alikuja imamu kijana kumsomea Yasini, akaruka neno. Baba macho yamefumba, mipira puani, akainua kidole. 'Rudi nyuma, mwanangu.' Manesi walidhani anawaita." Akacheka, akajifuta machozi na ncha ya mtandio. "Hakukosea hata herufi, Athumani. Mpaka siku ile yenyewe. Sisi tulimwambia kila siku, Baba uko mzima. Hakutuamini."

Alikuwa amekaa karibu yetu binti wa Zuhura, Ruwaida, anakunja vitambaa vya meza. Yeye amesoma mambo ya sanaa za mapambo, sasa ana kazi kwenye jumba moja la makumbusho, na kama watoto wote wa huku anakielewa Kiswahili chote lakini anakujibu Kiingereza. "Uncle," aliniuliza kwa Kiingereza, "ile sanamu mnayoisema pembeni kila mara, mimi sijawahi kuiona. Unayo picha?" Kweli, katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwonyesha, jambo la Mturuki halikuzungumzwa ndani ya nyumba ile mbele ya Maalim. Nikamtafutia kwenye simu, nikamkabidhi. Aliivuta picha ikawa kubwa, akaisogeza kifuani, akakaa nayo. Nikamwambia, "Sasa wewe msomi, nisaidie. Pale pameandikwa nini?" Aliinua uso, akamtazama mamake, kisha mimi, na nikaona anatafuta maneno, maana safari hii aliamua kuyasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Hapa hapajaandikwa kitu, Uncle. Aliyechonga alikuwa Mzungu, Kiarabu hakukijua. Alipenda umbo la herufi tu, akaliiga. Walifanya hivyo sana, tunazo sanamu nyingi kama hii kazini. Si hati ya zamani, si Kituruki, si herufi. Babu hakushindwa. Hapakuwa na kitu cha kusoma."